Koti Lililotangulia Nyumbani

Jumapili, 3 Machi 1957. Thika

Mwalimu Bedan ametugawia madaftari, kila mchezaji lake, tuandike mambo yetu kwa Kiswahili kilichonyooka ili ndimi zizoee kabla ya kupanda jukwaani. Wenzangu walinung'unika. Mimi sikunung'unika. Kiswahili changu nilikipata jeshini, tulipopigana na Wajapani Bama, na hapa Thika sijaona wa kunishinda, sembuse hawa wanaosema "mrango" wakimaanisha mlango. Basi naandika. Mimi ni Jeconia Ajwang, fundi wa mashine ya kufunga mikebe katika kiwanda cha mananasi. Nalala laini za wafanyakazi, chumba kimoja na Mwanzia, Mkamba wa upande wa Ngoliba, mtu mwema ila anakoroma. Wajaluo wako wengi Thika siku hizi, lakini mtu wa kijiji chetu hasa hapa ni mimi peke yangu.

Mchezo wetu unaitwa Mlango. Mwalimu ameutunga mwenyewe. Ni habari ya baba mmoja, Mzee Gichuru, wakati wa njaa. Amejifungia ndani na kibuyu cha uji, watoto wako uani wanaita, "Baba, fungua," naye hafungui. Kila wakiita anawapa sababu. Leo kuna upepo. Leo nina homa. Ngojeni jua lishuke. Mwishowe anafungua, na uani hakuna mtu. Mchezo umekwisha. Wanaume wa Kikuyu walikataa kuwa Mzee Gichuru, wakisema wataonyeshwa vidole sokoni. Mimi Mjaluo nitaonyeshwa kidole na nani? Nikasema nipeni mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Barua ya Omondi, mwanangu wa kwanza. Nainakili hapa, ni fupi:

"Baba, salamu. Mvua ilianza wiki jana na ardhi imelainika. Ghala lilikwisha mwezi wa pili. Mama anasema njoo utoe mbegu. Sote tunakungoja."

Mwalimu akisoma daftari hili hataelewa, kwa hiyo nieleze. Kwetu mwenye mji, yaani baba wa boma, ndiye wa kwanza kutia jembe na mbegu ardhini msimu ukianza, yeye na mke wake mkubwa, na mengine ya usiku ule si ya kuandikwa. Kisha mwana wa kwanza, kisha wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mwana akimtangulia baba yake ameita chira, ile laana inayomkausha mtu na kuua vichanga tumboni. Baba akifa, basi ndugu yake humchukua mjane na kutoa mbegu badala yake. Ni mimi au kaburi langu. Kwa hiyo mji mzima umekaa na majembe mkononi unanitazama mimi: mke wangu Selpha, Omondi na mkewe Benta ambaye ni mjamzito, binti yangu Apiyo na wadogo zake.

Nitaenda. Tukishaonyesha mchezo tarehe 30 nitaomba ruhusa. Mvua za kwetu hazina haraka hivyo, na Omondi tangu utoto ni mtu wa kubabaika. Yeye peke yake ndiye anayejua kusoma pale mjini kwangu, maana ndiye peke yake niliyempeleka shule. Wengine nilisema atawasomea yeye.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua kubwa. Paa la kiwanda linavuja juu ya mashine yangu.

Jumamosi, 16 Machi

Mazoezi katika ukumbi wa jamii, saa nane mpaka saa kumi na moja. Hayapiti hapo, kwa sababu wachezaji wa Kikuyu, kwa amri ya Hali ya Hatari, lazima wawe kijijini kwao kabla ya giza, na askari wa lango hasikilizi habari za mchezo.

Nimegombana na Mwalimu Bedan. Kijana wa miaka ishirini na sita, hana mke, hana mtoto, ananifundisha mimi namna baba alivyo. Nilimwambia huyu Mzee Gichuru ni mbaya mno, watu hawatamwamini. Mpe sababu moja nzuri ya kutofungua, nikamwambia. Labda amelogwa. Labda uji una sumu naye anawaokoa watoto. Akanisikiliza, ana adabu, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema, "Mzee, sababu anazo nyingi. Ndiyo maana mlango haufunguki."

Wote wakacheka. Anayecheza binti yangu mchezoni, msichana wa Kikuyu aitwaye Magdalene Ngendo, hakucheka. Huyo ni mkavu kama gogo. Akiita "Baba, fungua" haigizi kama wengine, anaita hasa, mpaka mtu anakasirika.

Jumatano, 20 Machi

Barua nyingine. Majirani wamekwisha panda na mahindi yao yameota. "Sisi tunatazama," anaandika Omondi. Nani alimfundisha kumwandikia baba yake hivi?

Hata hivyo leo nimekwenda ofisini kuomba ruhusa. Nilijiandaa kukataliwa, nikawa na maneno yangu tayari. Yule Mzungu hakuinua hata kichwa. Siku saba, kuanzia Jumatatu tarehe moja Aprili. Nikasema asante nikatoka.

Jumamosi, 23 Machi

Mwanzia ameendesha baiskeli mpaka kwao Ngoliba kupanda mbaazi. Huko ni kukavu, mvua ikija mara mbili ni bahati, na yeye huenda kila tone likianguka. Nilimwambia wewe umefungwa kamba na mke. Akasema ndiyo, akapanda baiskeli akaenda zake.

Jumamosi, 30 Machi

Sijui nianzie wapi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wafanyakazi wa viwanda vyote, wanawake wa vijijini na pasi zao za kutembea mkononi, masista, hata Wahindi wawili wa dukani. Nilivaa blanketi la Mwanzia na ndevu za katani. Nilipokunywa uji ule huku watoto wanaita nje, mama mmoja mbele alinirushia kiatu. Kiatu cha kweli! Mwalimu anasema hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Na mwisho, nilipofungua mlango nikaona uani patupu, nililia. Nilikuwa nimepanga kujipaka mate machoni kama mazoezini, lakini machozi yalikuja yenyewe, mengi, ndevu zikalowa. Ukumbi wote ukanyamaza, kisha wakalia nami. Nimeishi miaka arobaini na saba na hakuna siku watu mia tatu walininyamazia mimi Ajwang. Kiwandani hata jina langu hawalijui, ninaitwa Mikebe.

Baadaye bwana mmoja wa mambo ya jamii alitushika mikono. Anataka tuonyeshe Ruiru tarehe 27 Aprili, kisha huko huko tarehe 25 Mei kwenye mashindano ya kikombe. Mwalimu anasema kuanzia Jumatatu ni mazoezi kila jioni, kwa sababu mahali pengine tuliyumba.

Kuanzia Jumatatu. Nami Jumatatu nimepewa ruhusa.

Jumapili, 31 Machi

Mwalimu hakunizuia. Aliniambia nenda, Mzee, siku saba si nyingi, tutafanya mazoezi bila wewe. Akasema Gichuru, mpiga ngoma, anaweza kushika nafasi yangu. Gichuru! Kwa kuwa jina lake ni la mzee wa mchezo, basi anadhani na mchezo ni wake. Nilimwona akijaribu ndevu zangu.

Nimefikiri kutwa na nimepata njia. Ninalo koti langu la Bama, lile zito la jeshi lenye vifungo vya shaba. Kwetu kila mtu analijua, mpaka mbwa. Ninapolivaa watoto wanasema mwenye mji amekuja kabla hawajaniona uso. Basi nitatanguliza koti. Litundikwe mlangoni kwa Selpha, Omondi ashike jembe langu chini ya koti langu, iwe ni mimi nimetoa mbegu. Nilipokuwa vitani kofia ya afisa ilikuwa ikipigiwa saluti hata ikiwa mezani. Koti si dogo kuliko kofia.

Jumanne, 2 Aprili

Koti limeondoka, nimelitia katika mfuko wa gunia. Nimempa kijana wa reli, Mluhya anayekwenda na gari la moshi mpaka Butere, naye atalishusha stesheni ya Yala, ambako Omondi huja kuulizia barua, na kumpa mkononi. Barua iko mfukoni. Nimeandika: "Koti hili ni mimi. Mimi ni mzima, kazi imenibana. Litundikeni, mpande." Nimerudisha ruhusa ofisini. Mzungu safari hii aliinua kichwa.

Mwanzia ameniuliza kama kwetu nguo husafiri bila mwenyewe. Nikamwambia yeye ni Mkamba, haya hayamhusu.

Ijumaa, 5 Aprili

Barua ya Omondi imepishana na koti njiani. Apiyo anakwenda kulima mashamba ya watu apewe unga. Benta amevimba miguu. Anasema mvua ikikatika kabla ya mbegu kutoka, mwaka umekwenda. Ni barua ya zamani, sina haja ya kuhangaika. Koti limekwisha fika.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakuna barua. Mazoezi mazuri.

Jumatano, 17 Aprili

Hakuna barua. Nimefurahi. Mwanzo barua kila wiki, leo kimya, maana yake wanalima. Njia yangu imekubali. Leo wakati wa mapumziko niliwasimulia wachezaji habari ya koti, na jinsi nilivyoitanzua desturi ya mababu kwa gharama ya mfuko wa gunia. Walicheka vizuri, maana najua kusimulia.

Magdalene alikuwa anashona pindo la blanketi langu. Aliniuliza ruhusa ilikuwa siku ngapi. Nikasema saba. Akakata uzi kwa meno.

"Baba yangu yuko kizuizini Manyani mwaka wa tatu," alisema. "Yeye angepewa siku moja tu, angekuja kwa miguu. Wewe, Mzee, nani amekufungia?"

Nilimwambia mtoto wa kike hasemi hivyo na mtu wa umri wangu. Akaniomba msamaha, akanipa blanketi limeshonwa vizuri. Sasa imekuwa nikifumba macho ninamwona anakata ule uzi. Msichana mbaya. La, si mbaya. Sikujua habari ya baba yake. Miezi miwili tunacheza pamoja na sikuwahi kumuuliza.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Kanisani. Hakuna barua. Nilimwandikia Omondi kumuuliza mbegu zilitoka lini.

Jumamosi, 27 Aprili. Ruiru

Tulikwenda kwa lori la shamba. Ukumbi ni ghala la kahawa, harufu nzuri, watu wengi wa mashambani. Nililia tena mahali pale pale. Walipiga makofi wakisimama. Mzee mmoja alinishika mkono nje akaniambia kwamba mimi bila shaka ni baba mwema, kwa sababu baba mbaya hawezi kuujua ubaya kiasi hicho. Nilishukuru. Nilirudi Thika nimekaa juu ya lori na maneno yake, na nusu ya njia yalianza kuniuma, sijui kwa nini.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Nimeandika barua ya pili nyumbani, kwamba nitakwenda baada ya mashindano ya Ruiru, tarehe 25. Mwanzia amerudi kutoka Ngoliba, amesema mbaazi zimeota.

Jumanne, 14 Mei

Hakuna barua.

Nimemkamata yule kijana wa reli stesheni. Anasema alimpa Omondi mwenyewe mkononi, tarehe nne Aprili, koti na barua vyote. Omondi alisoma barua pale pale kando ya reli. Kisha alikaa chini. Kijana anasema gari la moshi liliondoka bado amekaa, koti mapajani. Nilimuuliza alionekanaje. Akasema alionekana kama mtu anayepumzika.

Basi limefika. Limefika, na barua imesomwa. Sasa kwa nini hanijibu?

Jumapili, 19 Mei

Nimeota nafungua mlango wa jukwaani nakuta ukuta. Nikishamaliza mashindano ya kikombe nitakwenda nyumbani, hata bila ruhusa. Nimemwambia Mwanzia awe shahidi. Amenitazama tu. Zamani nilidhani Mwanzia ni mtu asiye na la kusema. Nadhani anayo mengi.

Jumamosi, 25 Mei. Ruiru

Naandika juu ya gunia la kahawa nyuma ya ghala. Wenzangu wako ndani, wanaimba. Lazima niandike yote sasa, kesho nitayabadilisha, ninajijua.

Tulicheza wa mwisho, baada ya vikundi vinne. Nilikuwa katikati ya mchezo, nimekaa na kibuyu changu, nilipotazama watu nikamwona Omondi. Mstari wa pili, karibu na nguzo. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha, na niseme ilikuwa furaha gani: nilifurahi kwamba ataniona nikilia.

Kisha akavua kofia. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kwa wembe, nywele zimeanza kurudi, fupi sawasawa kote. Kwetu tunanyoa tunapozika.

Moyoni nikasema ni Selpha. Nikasema ni Benta na mtoto tumboni. Apiyo. Nje Magdalene aliita, "Baba, fungua," nami nilikuwa na hatua tano tu mpaka kwenye ngazi. Ningeweza kushuka. Watu wangengoja, au wasingengoja, shauri yao. Sikushuka. Nilisema, "Ngojeni, leo kuna upepo," kwa sauti nzuri kabisa, na nikaendelea mpaka mwisho, robo saa nzima, sijui nani wangu amekufa. Nilifungua mlango. Nililia. Walipiga makofi kuliko siku zote.

Nikamkuta Omondi hapa nyuma, amekaa juu ya magunia. Alisimama kwa adabu. Amekonda, ana mikono ya mtu mzima.

"Nani amekufa?" nilimuuliza.

"Wewe, Baba."

Nilidhani ananitania, au amechanganyikiwa na njaa. Nikamwambia akae. Akakaa, akanieleza taratibu bila kupandisha sauti, na mimi nimesimama na ndevu za katani kidevuni.

Anasema alipomaliza kusoma barua yangu pale relini aliikunja akaitia mfukoni mwake mwenyewe. Asubuhi ile Apiyo alikuwa ameanguka shambani kwa watu, amerudishwa amebebwa. Akachukua koti akatembea nalo mpaka nyumbani, amelilaza juu ya mikono miwili, hivi, kama mtu anavyobeba nguo za marehemu kutoka ugenini. Hakusema uongo hata mmoja, anasema. Hakuhitaji. Selpha alikuwa uani. Aliona koti, akatazama nyuma yake barabarani, akaona hakuna mtu. Akapiga yowe la msiba. Mji ukajaa. Kaka zake Selpha wakaja, wazee wakaja, na mdogo wangu Philip akaja analia kama mtoto. Kwa kuwa mwili haukuwapo walizika koti, upande wa kulia wa nyumba, mahali pa mwenye mji. Wazee walifupisha matanga kwa ajili ya mvua na njaa. Philip akamchukua Selpha kama desturi inavyotaka. Asubuhi iliyofuata walitoa mbegu.

"Mahindi yamefika hapa," alisema Omondi, akaweka mkono juu kidogo ya goti.

Nilimuuliza kama mama yake anajua. Akasema hajui. Kisha akasema mama hajawahi kuuliza koti lilitoka kwa nani, wala kwa nini kiwanda hakikuandika, wala mwenyewe alikufa kwa ugonjwa gani. Hajauliza hata mara moja.

Barua zangu mbili za baadaye amezichoma jikoni kwa Benta.

Nilinyanyua mkono nimpige. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Hakukwepa, alingoja tu, na mkono ukabaki juu mpaka ukachoka. Nikamuuliza kama haogopi chira, yeye aliyemzika baba yake mzima.

"Niliogopa, Baba. Nilikaa pale relini naogopa. Chira inaua polepole. Njaa ilikuwa imekwisha mfikia Apiyo."

Benta amejifungua tarehe kumi na moja mwezi huu, mtoto wa kiume, mzima. Wamempa jina Ajwang. Omondi aliinamisha kichwa aliposema hivyo. Kwetu mtoto hurithi jina la aliyekwenda, ili arudi. Nina mjukuu mwenye jina langu kwa sababu mimi sipo.

Nikamuuliza, basi umefuata nini huku, kama mimi ni maiti? Akanijibu. Alisoma katika barua zangu kwamba nitakwenda nyumbani baada ya mashindano. Amesafiri siku mbili kuniomba nisiende. Nikitokea pale nikiwa hai, mbegu zilitolewa vibaya, mahindi yatang'olewa yote na hakuna mvua nyingine. Selpha atakuwa amelala na shemeji yake mume wake akiwa mzima, na Philip atakuwa amemwibia kaka yake. Kichanga kitakuwa na jina la mtu aliye hai. Na yeye Omondi atafukuzwa, na itakuwa haki.

"Nimekukosea, Baba," alisema. "Usinisamehe. Lakini usirudi."

Ndani walianza kupiga kelele na ngoma. Mwalimu Bedan alichungulia mlangoni, jasho linamtiririka, akasema kikombe ni chetu, Mzee, wanakuita upokee. Akamwona Omondi, akaona kichwa chake, akaondoka.

Nilikumbuka barua zake zote tangu Machi na nikaona kuna jambo moja sikuwahi kumwandikia wala kumuuliza.

"Umekula?" nikasema.

"Tumekula, Baba. Tangu wiki iliyopita kuna kunde."

Nikamwambia aende, asije akakosa gari la moshi la Nairobi. Akataka kunipa mkono, akasita, kwa sababu hajui kama anaruhusiwa. Nami sikujua. Akavaa kofia akashika njia ya stesheni. Nilimtazama mpaka kwenye michongoma. Sikulia. Machozi niliyamaliza ndani kwa wageni, mbele ya watu mia nne.

Jumapili, 26 Mei. Thika

Nimesoma niliyoandika jana. Sikubadilisha kitu.

Jumatatu, 3 Juni

Kazi. Nimemwambia Mwalimu ndevu ampe Gichuru. Hakuuliza sababu. Alisema tu kwamba aliutunga mchezo huu kwa ajili ya baba yake mwenyewe, aliyekufa kabla hajauona, na kwamba siku ile ya magomvi yetu alitamani sana kunikubalia. Nami nilikuwa namwita kijana asiyejua kitu.

Jumatano, 12 Juni

Nimepewa siku mbili, sikuziomba, mashine imevunjika. Nilikwenda stesheni nikakaa benchini. Gari la moshi likaja likaondoka.

Alhamisi, 20 Juni

Magdalene alikuja mpaka lango la kiwanda saa ya chakula. Baba yake ameandika kwamba huenda akaachiliwa mwezi wa nane. Nikamuuliza anapenda chakula gani, huyo baba. Akasema amesahau, atamuuliza mama yake. Alifurahi kuulizwa.

Jumapili, 30 Juni

Kijana wa reli ameniletea kifuko cha kitambaa, kimefungwa kwa kamba ya katani. Hakuna barua. Alisema kijana wa Yala alimpa na kumwambia tu, ni cha mzee wa mchezo. Ndani mna maharagwe mapya, ya rangi ya damu, vibaba viwili hivi. Ni ya shamba la chini, karibu na mto. Ninaijua rangi yake.

Kwetu mavuno pia yana mwenyewe wa kuonja kwanza. Wamekwisha kuonja, ndiyo maana yamefika hapa.

Nimeyapika mchana kutwa kwa mkaa wa Mwanzia, kwa chumvi tu. Mwanzia alikula sahani mbili. Aliniuliza maharagwe mazuri hivi yametoka shamba la nani. Nikamwambia ni la ndugu yangu Philip.

"Mkulima huyo," alisema Mwanzia.

Nikasema ndiyo, ni mkulima, nikamwongezea.